Usigeuke na Kopo Mkononi

Alfajiri ya tarehe tisa Oktoba, Keziah Larter alifanya jambo ambalo hakuna mwenye baa wa Saltby aliyewahi kulithubutu. Alipanda juu ya benchi, akaishika picha ya Admirali Wray kwa mikono miwili, akaigeuza uso ukutani. Kisha akateremka, akajifuta mikono kwenye aproni kana kwamba ameshika samaki aliyevunda, akaenda kuwasha moto.

Wageni waliokuja Saltby kwa ajili ya Admirali walipenda kuambiwa habari zake. Hapa ndipo alipozaliwa, kiti kile ndicho alichokalia, na katika baa hii ndimo alimowaandalia wanaume wa kijiji chakula cha mchana kabla ya vita vyake vya mwisho, miaka mia na ushei iliyopita. Walisimuliwa pia mila ya tarehe tisa: saa sita mchana kengele ya kanisa ikilia, wanaume wote husimama wakiuelekea mlango, wakaipa picha mgongo, wakanywa kimya hadi tone la mwisho. Wageni walivua kofia. Heshima iliyoje, walisema, watu hawa wanajiona hawastahili hata kumtazama.

Heshima! Mtu wa Saltby akilisikia neno hilo huangalia kando asije akatukana. Wanaume kumi na wanne walikula nyama aliyowaandalia Wray siku ile, wakainua makopo wakimtazama machoni, na kutazama kule kukahesabiwa kuwa wamekubali. Walipanda manowari yake wote kumi na wanne, na hakurudi hata mmoja. Nchi ilipata shujaa na sanamu yake mjini. Saltby ilipata nyumba kumi na nne zisizo na mwanamume. Wanawake waliobaki wakawafunza wana wao: siku ya tarehe tisa, ukiwa na kopo mkononi, usimgeukie. Aliyegeuka amekubali kwenda.

Mwaka jana Silas, mwana wa kwanza wa Keziah, aligeuka kwa mzaha. "Afya yako, babu!" aliiambia picha, akaikonyezea jicho. Watu walicheka kwa midomo tu. Kabla mwaka haujageuka alikuwa amejiunga na jeshi la majini, Agosti vita vikazuka, na Septemba mtu wa posta akaja na baiskeli yake na telegramu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini Silas hakumwachia mamaye hata hilo guu la kuzika.

Sasa alibaki na Amos, miaka ishirini, na Dinah, miaka tisa. Keziah hakumwomba Mungu kingine ila Amos aivuke siku hii bila kugeuka.

"Nenda kwa shangazi yako," alimwambia wakiwa wanapanga makopo. "Urudi jioni."

"Halafu waseme nini, Mama? Larter mmoja mjinga, mwingine mwoga?"

"Waseme watakavyo. Maneno hayazamishi mtu."

Amos alicheka, akambusu utosini. "Nitatazama mlango kama ng'ombe anayesubiri kufunguliwa. Usiwe na wasiwasi."

Saa tano hivi akaingia Obadiah Thirtle, kofia mkononi, akasimama ghafla mbele ya moto.

"Keziah! Umemfanya nini mzee wa watu?"

"Nimempumzisha. Mwaka huu atazame matofali."

"Hatapenda."

"Na mimi sikupenda telegramu."

Obadiah alitaka kucheka, cheko likamkatikia njiani. Akaketi mahali pake kando ya mlango, akaomba chai. Tarehe tisa hakunywa kitu kingine, na kijiji kizima kilijua kwa nini. Akiwa na miaka kumi na tisa aligeuka, kisha akakataa kwenda. Kipupwe hichohicho mdogo wake Enoch, mtoto wa miaka nane, alimezwa na tope la gatini maji ya bahari yakiwa yamekupwa, pale ambapo watoto wote walicheza na tope halikuwahi kupita magoti. Tangu hapo hakuna aliyegeuka akakataa tena. Deni la Wray, walisema, usipolilipa mwenyewe hulipiwa na aliye mdogo kwako.

Wanaume wengine wakaanza kuingia, wakiitupia jicho picha iliyogeuzwa. Zilipobaki dakika kumi, mlango ukafunguliwa tena, akaingia Kapteni Penrose wa jeshi la majini, mnene, mchangamfu, masharubu yamepakwa mafuta, daftari kwapani. Alikuwa akizunguka vijiji vya pwani kuandikisha vijana. Aliwasalimu wote, akapita moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Admirali, akakikalia. Kiti kile hakikuwa kimekaliwa tangu Wray ainuke.

"Bi Larter, mbona shujaa wetu amepewa adhabu?" Kapteni alionyesha picha kwa kidole gumba.

"Moshi, bwana. Naogopa rangi isiharibike."

"Basi siku yake mwenyewe asiwaone watu wake? Masikini!"

Amos alijaza makopo, akachukua lake, akasimama katikati ya wenzake. Kengele ya kanisa ikalia. Wanaume wakageuka kwa pamoja kuelekea mlangoni, wakainua makopo, na baa nzima ikawa kimya, husikii ila makoo yakimeza.

Keziah, nyuma ya kaunta, ndiye peke yake aliyeona. Kapteni aliinuka polepole kwa ncha za viatu, akamtazama, akaweka kidole midomoni huku akitabasamu, akainyanyua picha. Alitaka wakimaliza wamkute Admirali wao anawangojea. Uso mweupe ukaanza kutokea: sikio, kisha shavu, kisha lile jicho.

Laiti angenyamaza! Amos alikuwa amebakiza nusu ya kopo, naye alikuwa anautazama mlango kama alivyoahidi. Dakika moja zaidi na ingekuwa imekwisha. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Amos, usigeuke!" alipiga kelele.

Jina lilifika kwanza. Amos, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuitwa na mama yake asigeuke, aligeuka. Kopo lilikuwa mkononi, midomo imelowa bia. Mbele yake alikuwa Wray, ametulia kwenye msumari wake, na chini ya Wray mtu mwenye daftari.

"Huyu hapa!" Kapteni alisema kwa furaha. "Angalau mmoja haogopi kumtazama!"

Wengine hawakugeuka. Walimaliza, wakaweka makopo yao chini sakafuni palepale, na wakitoka walinyoosha mkono nyuma kumgusa Amos begani bila kumtazama, kama wanavyowagusa wafiwa makaburini. Alibaki Obadiah na chai yake iliyopoa.

"Si lazima," Keziah alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni picha tu, Amos. Ni kitambaa na rangi."

"Asubuhi uliigeuza ya nini basi?"

Amos alimgeukia Obadiah. "Mzee Thirtle?"

"Usiniulize mimi, mwanangu," Obadiah alisema, akiinamia kikombe. "Enoch angetimiza miaka hamsini mwezi huu."

Kutoka nje ilisikika sauti ya mtoto akiimba, kwa mbali.

"Dinah yuko wapi, Mama?"

"Gatini."

"Maji yamekupwa?"

Keziah alitaka kusema uongo. "Yamekupwa," alisema.

Amos akaweka kopo juu ya kaunta. "Bwana Kapteni, niandike wapi?"

Mwanamke huyu aliyewahi kuwatoa walevi watatu kwa ukosi usiku mmoja alisimama akimtazama mwanawe akiandika jina lake, asiweze kusema usiende. Kila neno la kumzuia Amos lilikuwa linamsukuma Dinah topeni. Alimchukia Wray, akamchukia Kapteni na masharubu yake, lakini zaidi ya wote aliuchukia ulimi wake mwenyewe.

Kapteni alipotoka na Amos akapanda juu kufunga nguo, Obadiah naye akajikongoja akaenda zake. Keziah alichukua lile kopo lenye nusu ya bia, akasimama mbele ya picha, akanywa yote huku amekaza macho yake kwenye yale ya Wray.

"Haya, nimekutazama," alimwambia. "Nimekubali. Nichukue mimi."

Wray aliendelea kutazama juu ya kichwa chake, mlangoni, wanakoingilia wanaume. Wanawake hakuwahi kuwachukua. Aliwaachia makopo ya kuosha.

Keziah akaliosha, akalitundika, kisha akatoka mbio hadi gatini. Dinah alikuwa mbali kidogo, amempa mgongo, anachimba kome. Keziah alifungua kinywa amwite. Akakumbuka Amos alivyogeuka, akakifumba. Basi akavua viatu, akaingia topeni mwenyewe, akaenda kumshika mkono.