Mahali pa Bi Badri

"Karibu mbele, Bi Badri. Mahali ni pako," Shahin alisema, akisogea pembeni.

Bi Badri alikuwa amerudi bustanini asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza tangu goti lake lipasuliwe. Miaka na miaka yeye ndiye aliyewaongoza wanawake hawa wa Shiraz katika mazoezi, kwa sauti yake tu, tangu wengi wao hawajaota mvi. Shahin, mdogo kwao wote, alimshikia tu nafasi. Moyo wa Bi Badri uliruka kwa furaha. Lakini adabu ni adabu.

"Hasha! Endelea wewe, mwanangu."

"Haiwezekani. Njoo, tafadhali."

"Wallahi sitaki. Mimi nani?"

Sasa ilibaki kukaribishwa mara ya tatu, ile ambayo mtu hukubali huku akijifanya kalazimishwa. Bi Badri alikwisha kuinua mguu. Shahin akasema, "Basi sawa," akawasha muziki.

Basi sawa! Huyu kalelewa na nani? Bi Badri alijipanga mstari wa nyuma, kando ya rafiki yake Esmat.

"Si umekataa mwenyewe?" Esmat alinong'ona, akihema.

"Nimekataa kama watu wanavyokataa! Hata chai mtu hukaribishwa mara tatu, sembuse hili?"

Mbele, Shahin alirukaruka kama bisi chunguni. Wa nyuma, wenye viuno vibovu na presha, walibaki kupunga mikono. Bi Badri angewaanzia mabega, kisha vifundo vya miguu, polepole, mpaka mwili upate joto. Hakuna aliyemwuliza.

Baadaye walitandika busati, wakatoa mkate, jibini na chupa za chai. Shahin akamgeukia. "Kesho basi uongoze wewe, Bi Badri?"

Ndiyo hiyo, ya tatu. Kabla hajafungua kinywa, Esmat akadakia, "Mwache apumzike, na goti lake hilo!"

"Nataka," Bi Badri alisema.

"Unataka nini? Sukari?"

"Mbele. Nataka mahali pangu."

Wakaangua kicheko. Mwanamke mstaarabu hasemi hivyo ila kwa mzaha. "Huyu Badri hajabadilika!" mmoja alisema, akijifuta machozi.

Bi Badri aliegemea bega la Esmat, akainuka. Alichechemea hadi mbele, kwenye nyasi, akawageukia, akainua mikono yote miwili.

"Vuteni pumzi," alisema.

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Shahin aliinamia kikombe chake. Esmat, mkate bado mdomoni, alianza kupapasa kutafuta viatu vyake.