Mwandiko wa Mama Kadi

Mwandiko wa Mama Kadi ulikuwa unajulikana mtaani kuliko mwenyewe. Ulikuwa kwenye kibao cha saluni, kwenye kadi za harusi, kwenye shukrani za msiba, hata kwenye kioo cha kinyozi: "Karibu, ukae kidogo." Bosi wake wa duka la uchapaji ndiye aliyemwambia aandike herufi zote kwenye karatasi, kila moja mara moja tu, kisha akaziingiza kwenye kompyuta zikawa fonti. Tangu hapo mtu akibonyeza vitufe, mkono wa Mama Kadi unaandika na yeye mwenyewe yuko jikoni kwake, hana habari. Zilikuwa herufi za kirafiki, zimeinamia kulia kama majirani wanaotega sikio kwenye umbea. Mkia wa k una mbwembwe, na nukta ya i imerukia mbele kama ina haraka. Ukizisoma unahisi rafiki anakuita "shoga yangu".

Naye alijisifu weee! "Yule ni mimi mtupu," alimwambia kila mpangaji.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo mchana, alipoitwa uani akakuta nyumba nzima imejaa pale, hakuna aliyemwuliza kama ni yeye. Walimwuliza kwa nini.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu, karatasi mbili mapajani. "Hizi zimepitishwa chini ya mlango wangu. Soma. Kwa sauti."

Mama Kadi akasoma. "Ukitutoa kwenye nyumba hii, moto utakuja. Angalia moto, mama." Na ya pili: "Bado unalala? Ujue moto haulali." Wino wa buluu. Mikia ile ile, nukta zile zile. Maneno ya kuunguza watu, yamevalishwa sura ya kadi ya harusi.

"Siyo mimi," alisema.

"Siyo wewe?" Kinyozi alicheka kicheko kikavu. "Mwandiko huu umenikodolea macho kwenye kioo changu mwaka mzima, leo niusahau?"

"Notisi ya kuhama nimekupa wewe peke yako," mama mwenye nyumba alisema. "Siku ya tatu hii sijafumba jicho, mwanangu. Nakaa na ndoo ya maji mlangoni kama kichaa. Kijana wangu kaenda kuita polisi. Kama una la kusema, lisemee hapa."

Mumewe yuko safarini na lori, simu haipatikani. Wa kumtetea alikuwa wifi yake tu, mdogo wa mumewe, anayeishi nao. Naye alikuwa amesimama kule kwenye bomba, mtoto wa Mama Kadi kiunoni, kimya kama siye yule anayewachekesha wote kila siku.

"Nipeni kalamu," Mama Kadi alisema.

Akachana karatasi ya kalenda, akaandika nyuma yake "moto" mara tano. O moja ikafumba, nyingine ikaachama, t ikapinda.

"Mnaona? Hata nikitulia siwezi kuzirudia sawasawa. Hakuna anayeweza. Sasa tazameni hizi."

Akazipandanisha zile barua mbili, "moto" juu ya "moto", akaziinua juani. Neno moja halikuzidi jingine hata unywele. Mama mwenye nyumba alivaa miwani, akasogea, akaangalia mpaka pua ikagusa karatasi.

"Kama kivuli chake," alinong'ona.

"Hii ni fonti, mama. Imetoka kwenye mashine. Mimi sikushika kalamu."

Kinyozi akapiga mluzi. "Mama Kadi, nilishakufunga jela kichwani, unisamehe!" Watu wawili watatu wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe, Mama Kadi akavuta pumzi mpaka mwisho.

"Sawa," mama mwenye nyumba alisema, hakucheka. "Na hiyo fonti anayo nani?"

Mama Kadi akaanza kuhesabu kichwani. Fonti ilikuwa kwenye kompyuta mbili tu. Ya dukani ilifungiwa tangu Jumatatu, bosi kaenda msibani na funguo zake. Nyingine ilikuwa chumbani kwake, kando ya printa ndogo, nayo alikuwa akiitumia mtu mmoja kuchapa lebo za maboksi yake ya keki.

Akatazama kule kwenye bomba. Wifi yake alitikisa kichwa, kidogo sana.

Huyu alikuwa akilala nao chumba kimoja. Huyu alikuwa akimwogesha mtoto.

"Wifi," Mama Kadi alisema polepole, akimwendea, mikono mbele. "Nipe mtoto kwanza."

Wifi alimkaza mtoto kifuani. "Tungekwenda wapi, wifi? Nilitaka aogope tu. Nilijua wewe wanakupenda, wangekusamehe."

"Nipe mtoto."

Nje ya geti pikipiki ilizima. Wifi aligeukia sauti ile, mikono ikamlegea, na Mama Kadi akamchukua mwanawe kwa nguvu hata mtoto akalia. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Askari akaingia uani, akauliza ni nani aliyeandika. Hakuna aliyemnyooshea Mama Kadi kidole. Wote walikuwa wanatazama kwenye bomba.