Salamu ya Wima

Vumbi la Sekenke ni jeupe. Enzi za Mwingereza lilikaa kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye uji wa asubuhi. Lakini Zefania, kibarua wa mgodi, hakuonewa na vumbi. Alionewa na sakafu.

Sakafu ya kiwanda, pale mawe ya dhahabu yalipomwagwa kabla ya kuingia kwenye kinu. Chutama, chagua, tupa. Jua likichomoza, chutama. Jua likizama, chutama. Nani angethubutu kunyoosha miguu, msimamizi yuko nyuma yake? Kinu kilitwanga, sakafu ikatetemeka, na mtetemeko ukapanda vifundoni, ukafika magotini, ukaweka makao.

Magoti yalianza kwa kulia, kama mlango mkavu. Kisha yakavimba. Kisha yakagoma kukunjika. Zefania akaficha. Kijana mbichi kutembea kama babu yake, hilo unamwambia nani? Utamwambia mchumba?

Mchumba alikuwa Dorika wa Kinampanda, na kwao Dorika mkwe huchutama ndipo aamkie. Siku ya kujitambulisha ikafika. Mjomba wake Zefania alichutama. Zefania akabaki amesimama.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Antipasi, baba yake Dorika, hakuitikia. 

"Huko machimboni, wakwe mnawaamkia hivyo? Wima kama mti?"

Angekaa kimya, angeitwa mwenye kiburi. Angesema, angeitwa kilema. Lipi afadhali? Mimi sijui, na wewe usijifanye unajua. Zefania aliinama kidogo, akapandisha suruali. Magoti yalikuwa yamejaa kama vibuyu.

"Nimeyachutamia mawe, mzee. Mwaka hadi mwaka. Magoti ya kukuchutamia wewe hayakubaki."

Hasira ya mzee ikamtoka pale pale, na huo ndio ukawa msiba wenyewe. Mtu akipoa, huanza kufikiri.

"Pole, mwanangu," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Basi jembe utalishikaje? Binti yangu atakula nini?"

 Inauma, jamani, kusamehewa na kukataliwa kwa pumzi moja. Miaka yote ile Zefania aliinamia sakafu ya watu ili apate kusimama kwenye uwanja huu, na sasa kusimama kwenyewe ndiko kulikomponza. Mjomba alitazama chini. Mzee naye alitazama pembeni, kama mtu aliyevunja chombo cha mgeni.

Dorika alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa mtama. Hakuna aliyemwita. Alikuja hadi ubavuni kwa Zefania, akachutama taratibu, mpaka chini kabisa, pale pale mkwe alipotakiwa kuchutama.

"Shikamoo, baba. Hii ni ya kwake. Na jembe ninalo mimi."

Salamu yake mwenyewe alikwisha kuitoa asubuhi. Mzee alimtazama binti yake. Kisha akainua uso kwa yule aliyesimama.

"Marahaba, mkwe wangu."