Kinu Kilichopokea Simu

Nyumbani kwa Mama Djamila, mjini Kasongo, Kongo, mtandao haukamatiki popote ila kwenye nguzo ya jikoni, juu ya kinu. Ndiyo maana simu ya binti yake Rehema hukaa pale ndani ya kikapu, kama kuku anayeatamia. Na ndiyo maana alasiri ile ilipolia, aliyekuwa karibu nayo alikuwa mtu pekee katika ukoo mzima asiyefaa kuipokea.

Aliyepiga ni Yassine, mume wa Rehema. Alikuwa Kigoma, Tanzania, alikokwenda kununua vitenge. Simu yake ilitumbukia ziwani wakati wa kuvuka, akanunua mpya, na sasa alitaka kufungua upya akaunti yake ya WhatsApp ili amwone binti yake mchanga na kumpa jina mwenyewe. Babu wa mtoto, Mzee Yakubu, alikuwa ameshasema: wanaume wakirudi kutoka msikitini na baba bado hajaonekana, mtoto atapewa jina la marehemu shangazi yake Yakubu. Shangazi huyo aligombana na kila mtu, mpaka na mbuzi.

Ila namba za kufungulia akaunti hazikwenda Kigoma. Zilitumwa kwenye laini ya Yassine ya Kongo, na laini hiyo alimwachia Rehema, imo humo humo kwenye simu ya kikapuni. Rehema naye alikuwa bafuni nyuma ya nyumba, anakandwa maji ya moto na jirani yao Aimée. Mzazi akikandwa haitwi.

Mama Djamila, mjukuu mkononi, alibonyeza simu, akaweka sauti ya juu, akanyamaza. Mama hasemi na mkwewe. Tangu harusi, Yassine akija hukohoa nje ya ua, naye hujifunika na kuingia ndani. Jina la mama huyo, Djamila, Yassine hajapata kulitamka.

"Rehema? Namba imeingia? Iko karibu kufa."

Mama Djamila aliziona namba zimejipanga kwenye kioo, akazisoma kimoyomoyo, midomo ikimwasha. Muda ukapita, namba zikafa. Mtoto akaanza kulia, naye bila kufikiri akambembeleza kwa sauti.

Yassine aliijua sauti ile ya mkwewe. Akasema kwa adabu, "Miye sisemi na mutu. Naomba tu namba ingine."

Namba nyingine zikaingia. Mama Djamila akamtazama mjukuu, akamkumbuka yule shangazi, akakasirika kwelikweli. Akakigeukia kinu, akakipiga kofi la ubavu.

"We kinu, sikia muzuri, sitarudilia. Tatu. Zero. Nane. Nane. Moja. Tano. Ukikosea, shauri yako."

"Aksanti, kinu," ikajibu Kigoma.

Mara simu ikalia mlio mwingine. Mama Djamila alibonyeza kama alivyozoea kumwona Rehema akifanya, na uso wa mkwewe ukajaa kioo chote. Wakatazamana macho kwa macho, kwa mara ya kwanza maishani. Mama akajivuta kitenge kichwani upesi, akaigeuza simu kwa mtoto, yeye akakazia macho masufuria. Aibu ilimchoma, lakini alimsikia Yassine akicheka na kulia kwa pamoja, na hakujuta.

Sauti za wanaume zilikuwa zimefika uani, na ya Yakubu ndiyo iliyotangulia.

"Kinu," Yassine akasema haraka, "waambie wazee, mutoto wangu atabeba jina lile kinywa yangu haina ruhusa ya kutaja."

Mama Djamila alimtazama mtoto, ndipo akaelewa. Huyo kijana aliyekohoa nje ya ua miaka yote hiyo alikuwa anampenda. Akamkumbatia Djamila mdogo, na kitenge kikamteleza kichwani, asikiokote.

"Kinu imesikia, mwanangu," akasema, na safari hii alisahau kukigeukia kinu.