Kibati Kwenye Ufito Mwembamba

Fundi wa majokofu alikuwa na fito mbili nyembamba za kuvulia, zile za kurushia nzi wa bandia waliofungwa kwa nyuzi na manyoya. Ufito wa namna hiyo haurushi chambo. Hurusha mshipi, nzi akafuata tu. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda nazo bwawani pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa dereva wa basi la shule.

Tangu mwaka jana shemeji alikuwa ameachana na nzi. Alifunga vibati vya chuma vinavyozunguka majini, vingine vimeongezwa vipande vya madini ya risasi viwe vizito zaidi. Ufito ulipinda kama unaomba radhi, na kibati kikapita hewani kikiyumba ovyo. Fundi alimwonya mara chungu nzima kwamba atauvunja, kama si kumtoboa mtu. Shemeji alimjibu kwa mzaha kwamba hata samaki siku hizi wanapenda vya kung'aa.

Jumamosi hiyo kibati kilirudi vibaya, ndoana ikazama kwenye sikio la fundi. Shemeji alikuja mbio na koleo, akihema, akiomba msamaha. Lakini koleo lilishika hewa. Likashika kola. Mara ya tatu likabana shavu, na sikio lilikuwa pale pale, linachuruzika damu.

Fundi alimshika mkono, akaitoa ndoana mwenyewe.

"Shemeji, unaniona?"

"Nakuona pembeni. Katikati ndipo panapopotea."

Yakamtoka yote. Nzi akitua majini hamwoni tena. Kibati angalau humtetemesha mkono, akajua kiko wapi. Barabara ya shule aliijua kwa moyo, shimo kwa shimo. Fundi alimuuliza kuhusu watoto wanaoteremka na kukatiza mbele ya basi. Shemeji alifuta koleo kwenye suruali.

"Niachie Jumatatu," alisema mwishowe. "Nitakwenda kwa mwalimu mkuu kwa miguu yangu."

Fundi alikubali. Jumapili, hata hivyo, alipita kwa dada yake, akakuta naye anajua siku nyingi. Dada alimsihi anyamaze: imebaki miezi minane tu mumewe astaafu, na damu ni nzito kuliko maji. Aliongea kana kwamba hiyo Jumatatu haikuwepo kabisa.

Maneno hayo yalimkosesha fundi usingizi. Jumatatu, kabla basi halijawashwa, alikuwa ameshafika ofisini kwa mwalimu mkuu, ameshasema.

Shemeji alipimwa macho wiki hiyo hiyo, akanyang'anywa funguo. Dada aliacha kupokea simu za kaka yake.

Baada ya mwezi shemeji alifika kwenye karakana, akipapasa fremu ya mlango kabla ya kuingia. Alikataa kiti.

"Jumatatu ile nilikuwa nimevaa shati jeupe," alisema. "Nilikuwa nakwenda kusema."

Fundi aliyeyazoea majokofu ya watu, akisikiliza tu akajua yanaumwa wapi, alimtazama usoni asijue kama aliambiwa kweli au uongo. Akasema pole. Shemeji aliitikia kwa kichwa, akageuka, akaondoka akifuata ukuta.