Chumvi ya Mama Wilfried

Mwaka ule wa vita ya pili, kule Baraka kando ya ziwa, Constance alikuwa Mkristo kama watu wengi walivyokuwa Wakristo. Alibatizwa akiwa msichana, alijua nyimbo zote bila kitabu, na Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, ili mvua ikitisha awahi kufunika mawese yake. Tena mkononi alikuwa na kamba nyeusi ya mfumu, yaani mganga. Hakuona shida. Mungu ana kazi nyingi, alisema, si vibaya kumpatia musaidizi.

Kamba ile alifungwa siku mwanawe Wilfried alipoingia porini na vijana wanaopigana. Mfumu aliwanyunyizia vijana dawa, eti risasi zigeuke maji, kisha akawaita mama zao na kuwapa miko miwili. Mama asimpe chumvi kwa mkono wake mtu asiye wa ukoo wake. Mama asibebe mgongoni mtoto wa wengine. "Ukivunja," aliwaambia, "dawa inakufa ndani ya mwili wa mtoto wako, na risasi itamjua jina."

Itamjua jina! Miezi minne Constance alilala na kuamka na neno hilo. Jirani akiomba chumvi, aliweka kopo chini, jirani akajichotea.

Jumapili moja mzee Jacques wa kanisa aliuliza: "Yesu akipita hapa barabarani, wengi tutatoka kumwangalia. Nani atamfuata?" Watu wakasema amina. Constance naye alisema amina, sikio likiwa kwenye mawingu.

Basi Jumatano iliyofuata, jua likiwa utosini, alikuwa anachemsha ngazi, matunda ya mchikichi, nyuma ya nyumba, akamue mawese. Majani ya migomba yakachezacheza, akatokea mwanamke.

"Mama Wilfried. Ni miye."

Alikuwa Nyiramana wa Bibokoboko, wa zile familia za wafugaji wa mlimani. Miaka sita alikuwa akishuka siku ya soko na maziwa, Constance akimpa mawese, wakicheka, wakiagana. Sasa watu wa mlimani walihesabiwa adui, na vijana wa porini walikuwa wanawasaka kila nyumba. Mikono yake yote miwili ilifungwa majani ya mgomba: nyumba yake ilichomwa, naye akaitia mikono motoni kumtoa mwanawe. Mtoto mwenyewe, Élisée, alilegea mgongoni, alipofungwa na jirani, kama nguo iliyolowa.

"Anaharisha tangu juzi," Nyiramana akasema. "Ata machozi hana tena."

Constance akamvuta jikoni upesi. Alifinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imesimama vilevile. Maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Kila mama wa Baraka aliijua dawa yake, walifundishwa kwenye dispanseri: maji yaliyochemka, sukari, na chumvi ya ncha za vidole. Maji yalikuwapo. Sukari ilikuwapo kidogo.

Akaweka kopo chini. "Chumvi iko pale. Ujichotee."

Nyiramana akainua mikono yake ile ya majani. "Na vidole gani?"

"Jaribu."

"Mama Wilfried, unaniogopa?"

"Siogopi weye. Niko na mutoto ku pori." Akamwonyesha kamba.

Habari za miko zilikuwa zimefika hata mlimani. Nyiramana hakubishana. Alipiga magoti, akajaribu kuinamisha kopo kwa viwiko, nusu ya chumvi ikamwagika mavumbini. Hakulia. Alisema tu, polepole: "Yule ni mutoto. Na huyu ni mutoto."

Constance akatoka nje. Alizunguka sufuria ya ngazi mara ya kwanza, mara ya pili, anaomba. "Bwana, huyu mutoto umuponyeshe weye mwenyewe. Mambo yangu unayajua." Alipomaliza aliona aibu. Ilikuwa sala ya mtu wa benchi la nyuma. Kumbe Yesu amekwisha kupita, wala hakupitia barabarani. Aliingilia nyuma, kwenye migomba, akaomba chumvi, na yeye Constance bado amesimama anamwangalia.

Akilini alimwona Wilfried, miaka ishirini, kifua wazi. Alimwona vizuri sana. Kisha akachukua kisu, akaikata kamba, akaitupa motoni. Haikutoa hata moshi wa maana.

"Bwana, Wilfried ni wako," akasema kwa sauti. "Sina kamba ingine."

Akarudi jikoni, akachota chumvi kwa vidole vyake.

Kijiko kwa kijiko. Mtoto alitapika. Wakangoja, wakaanza tena. Kikakaa kimoja, kikakaa na kingine, na macho ya Élisée yalianza kukifuata kijiko. Hapo kivuli kikaziba mlango.

Wilfried alisimama mbali kidogo, bunduki begani, kama sheria ya porini ilivyotaka: mwenye dawa asigusane na mama yake.

"Mama, uyo ni nani?"

"Unamujua. Umekunywa maziwa yake."

"Na kamba?"

"Nimeiunguza. Nimemupa mutoto chumvi na huu mukono."

Kijana alirudi nyuma hatua mbili, akashika kifua kana kwamba kimetobolewa tayari. "Umeniua. Kesho tunapanda mulimani, na weye mama yangu umeniua."

"Nimekuweka mu mikono ya ule alikuumba."

"Si ulisema byote bibili binatumika, Mungu na dawa!"

"Nilisema. Nilikudanganya, baba. Nilijidanganya na miye."

Wilfried alimtazama mtoto, akatazama ile mikono ya majani. Mwishoe akasema, uso akiwa ameugeuza: "Ku bariyeri ya ziwa tuko miye na Déogratias mupaka saa kumi. Kiisha apo, mi sijui kitu." Akaondoka.

Constance akamfunga Élisée mgongoni mwake mwenyewe, kwani mama yake hakuweza kufunga kikwembe cha kubebea kwa mikono ile. Ulikuwa mwiko wa pili huo, naye alikaza fundo. Akamtwika Nyiramana bidoni tupu, dumu la mawese, na kumfunika kitambaa mpaka kwenye nyusi, na mikono pia. Wakapita katikati ya soko mchana kweupe, wakielekea ziwani.

"Mama Wilfried, leo mawese hakuna?" mtu akaita.

"Leo hakuna, ndugu."

Bariyeri ya vijana wa porini ilikuwa mti uliolazwa njiani. Déogratias, mwenzake Wilfried, alikuwa mtu wa mizaha. "Oo, mama yetu! Wilfried, ulizala lini bila kutuambia? Na uyu mama murefu, hana kinywa? Mama, unisalimie na Kibembe, nisikie."

Kibembe ni lugha ya Baraka; Nyiramana akikitamka, lafudhi ya mlimani ingemfichua. Wilfried akatazama ardhi. Ndipo jicho la Déogratias likaangukia mkono wa Constance, na kicheko kikamkauka.

"Kamba yako iko wapi?"

Ilipotea. Neno hilo la uongo lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na kila mtu angeenda zake. Lakini Constance aliona kwamba akilisema, atakuwa amejifunga kamba nyingine.

"Nimeiunguza. Kuanzia leo namufuata Yesu, yeye peke yake."

Déogratias aliruka mpaka ndani ya mtaro. Mwenye kuvunja mwiko akikugusa, na dawa yako inakufa; hivyo ndivyo walivyofundishwa. "Usinikaribie! Pita, pita mbali! Wilfried, toka na weye, umesha kuwa mufu!" Akakimbia kwenda kumwambia mkuu wao.

Njia ikabaki wazi, na Wilfried katikati yake, peke yake.

"Mama," akasema, sauti ndogo. "Sasa banaenda kunifanya nini?"

"Tuende."

"Wapi?"

"Sijui. Kuya tu, fuata miye."

Akamshika mkono. Miezi minne hakuwa ameugusa. Kijana alitazama barabara alikopotelea mwenzake, akailaza bunduki juu ya ule mti wa bariyeri, akamfuata mama yake.

Ufukweni, Raphaël, mvuvi wa Ubwari, ng'ambo ya maji, aliyesali kanisa lao, alikuwa anasukuma mtumbwi majini. Aliwahesabu kwa kidole. "Bakubwa batatu na mutoto! Na mutumbwi unavuja."

"Basi utatuacha?"

Filimbi zikalia upande wa soko. Raphaël akatema mate. "Ingieni. Kijana, kamata kasia. Mama, chota maji, acha kusema."

Walipopita matete, watu walikuwa wamekwisha kufika ufukweni, wanaelekeza mikono. Risasi bado zingeweza kuja. Wilfried aliinamisha mgongo na kupiga kasia. Nyiramana alikuwa amekaa mbele yake, magoti kwa magoti, kwa kuwa mtumbwi ulikuwa mdogo. Constance alihisi joto likimteremka kiunoni. Élisée anakojoa.

"Amekojoa!" akalia. "Mama Élisée, mutoto amekojoa, maji yamemurudia!"

"Chota maji!" Raphaël akafoka.

Akachota, akamwaga, akachota tena.