Vizito Viwili Mfukoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi kwenye dawati langu la shule ya jioni, chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, nikisubiri mtihani wa kuzamia.

Mtihani wenyewe ni wa kweli, saa tatu asubuhi hii. Nina miaka sitini na tisa, na natakiwa kuelea katikati ya maji kwa dakika mbili, nisiguse chini wala nisiibuke. Wiki iliyopita niliibuka kama boya mbele ya darasa zima. Mwalimu wetu, Bi Nyamwiza, akaniambia kwa upole kwamba nikishindwa tena nitabaki kuwa mtazamaji wa ufukweni. Ndiyo maana nilishonea vizito viwili vya madini ya risasi ndani ya mfuko wa kulia wa jaketi langu la kuelea. Hakuna aliyeniona. Vifaa vyangu nalala navyo chumbani, mlango nimeutia komeo.

Mwenzangu wa kuzamia ni Rukonge, fundi cherehani. Kanuni inataka kila mmoja amkague mwenzake mtungi wa hewa, vali yake na mkanda kabla ya kuingia majini. Mimi sijakubali hata mara moja. Tulipokuwa shule ya jioni, Rukonge alinizidi alama mbili za hesabu, na tangu siku hiyo simpi kisogo.

Basi, ndotoni anaingia msimamizi. Ni samaki, kuhe mkubwa aliyevaa miwani ya kusomea.

"Mzee Bitaliho, umekaguliwa?"

"Nimejikagua."

Mtungi ukakohoa mgongoni kwangu. "Nani alifungua vali yangu?"

"Mimi."

"Nani alishuhudia?"

"Mimi mwenyewe."

"Andika," mtungi ukamwambia kuhe. "Mshtakiwa na shahidi wana mgongo mmoja."

Sauti ile sikuipenda. Ilifanana na ya Rukonge.

Mara dawati halipo. Niko dukani kwa Rukonge, maji yamefika darini, naye anakanyaga cherehani bila haraka, futi ya kupimia imemwelea shingoni.

"Karibu, mtani," anasema. "Leo umenenepa upande mmoja."

"Umeingiaje ndotoni kwangu?"

"Wewe ndiye uliyeingia dukani kwangu. Geuka nikupime."

"Sigeuki."

Nikabana pumzi ili nimsikilize vizuri. Lilikuwa kosa, maana kanuni inakataza kubana pumzi. Nikapanda. Nikapita dari, nikapita bati, nikalipita darasa la jioni, ambamo wanafunzi wote walikuwa wakiandika jina langu ubaoni kwa wino wa maji. Nikaachia pumzi kwa hasira, nikaanza kuzama kama nanga.

"Mnanipeleka wapi?" nikaviuliza vizito.

"Chini," kikajibu kimoja.

"Hatuna ugomvi na wewe," kikasema cha pili. "Hatujui njia nyingine."

Nikatazama geji ya hewa. Kila nikivuta hewa, mshale unainama hadi sifuri. Nikitoa, unasimama tena.

"Mbona unainama?"

"Nakuaga," ukasema mshale. "Vali imefunguliwa kidogo tu. Anayejikagua mgongoni hukisia."

Nikapeleka mkono nyuma. Haukufika. Nikavuta hewa, ikaja kidogo kama maji ya bomba la mgao. Nikavuta tena, haikuja kabisa.

Rukonge alikuwa mbele yangu, ameketi palepale kwenye cherehani yake, tunazama pamoja.

"Geuka," akasema.

Nilimtazama usoni. Nilitafuta kicheko, sikukiona. Nikageuka.

Nikasikia vali ikizunguka, na hewa ikaja tele. Kisha nikasikia mkasi ukifumua mshono wangu, uzi mmoja baada ya mwingine. Akaviinua vile vizito.

"Hizi ndizo zile alama mbili?"

"Ndizo."

"Kumbe umezibeba wewe. Mimi nilizisahau mwaka uleule."

Nikaelea. Nikivuta pumzi napanda kidole kimoja, nikitoa nashuka kidole kimoja. Kuhe akatazama saa yake, akaandika.

Nikaamka. Komeo lilikuwa mahali pake na dirisha limefungwa. Jaketi lilining'inia msumarini, mfuko wa kulia uko wazi, nyuzi zimefumuliwa kwa ustadi, kitambaa hakijachanika hata kidogo. Vizito nilivikuta ndani ya viatu vyangu, kimoja kulia, kimoja kushoto.

Ufukweni nilimkuta Rukonge keshavaa. Nilimchunguza mikono. Kidole gumba chake kilikuwa na chaki ya bluu. Ni kweli, fundi cherehani yeyote ana chaki. Lakini mtungi wangu pia ulikuwa na alama ndogo ya bluu, pembeni mwa vali, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

"Umelala vizuri, mtani?" akauliza.

Nikageuka, nikampa mgongo.

"Kagua," nikasema.